Pweza, Karanga na Vumbi la Kongo: Nini Hasa Huongeza Nguvu?

Jua likizama Dar es Salaam, meza za pweza hutoka barabarani. Sufuria inachemka, minyiri inakatwakatwa, pembeni pana bakuli la pilipili na vikombe vya supu vinavyopokezana midomo ya wanaume. Hatua chache mbele, kijana mwenye mkokoteni amepanga muhogo mbichi uliomenywa, vipande vya nazi na karanga mbichi. Ukivuka maji hadi Zanzibar, pweza huyohuyo utamkuta Forodhani. Magharibi mwa Kenya utauziwa mzizi wa mukombero, ambao Uganda huitwa mulondo. Kila mtu mzima anajua vitu hivi vinauzwa kwa sifa gani, na wanunuzi wengi hawaulizi zaidi.

Mimi nataka tuulize, kwa sababu nyuma ya kikombe kile mara nyingi yupo mtu mwenye wasiwasi wa kweli. Ndoa yake imeanza kupoa, anaona aibu kusema, na amepata mahali ambapo kwa fedha kidogo anaweza kujitibu bila kumweleza mtu yeyote. Jibu langu nalitoa mapema. Chakula husaidia tendo la ndoa, lakini husaidia kwa miezi na miaka, kupitia mishipa ya damu. Hakuna chakula kilichothibitishwa kumwinua mtu usiku uleule alipokila. Unga au asali inayofanya hivyo kila mara bila kukosa, ishuku kuwa ina dawa ya hospitali iliyofichwa ndani.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo sokoni huuzwa kwa jina moja la nguvu. Kuna hamu, inayotoka kichwani na kwenye homoni. Kuna kusimama kwa uume, ambako ni kazi ya damu na neva. Na kuna mbegu, yaani uwezo wa kutungisha mimba. Mtu anaweza kuwa na hamu tele na uume usisimame, au akawa hodari kitandani na mbegu zake zikawa chache. Dawa ya kimoja si dawa ya kingine, kwa hiyo muuzaji anayekuahidi vyote vitatu kwa kijiko kimoja ameshakuonyesha kwamba hajui anachouza.

Uume husimama kwa damu. Mtu akisisimka, neva na kuta za mishipa hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoifanya misuli laini ya mishipa ilegee. Damu huingia kwa wingi, na mishipa ya kuirudisha inabanwa isiweze kuitoa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu. Mwezi Machi mwaka huohuo Marekani iliidhinisha Viagra, ambayo watafiti wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachoikatiza kazi iliyoanzishwa na oksidi ya nitriki. Chakula kinachodai kufanana nayo hakina budi kuigusa njia hiyo, au kuigusa hamu, au kuondoa upungufu fulani mwilini.

Pweza basi. Ni chakula kizuri: protini nyingi, mafuta kidogo, vitamini B12 ya kutosha. Sifa yake ya nguvu huelezwa kwa madini ya zinki, na kweli anayo, takriban miligramu 3 katika gramu 100 za nyama iliyopikwa. Mwanamume mzima anahitaji kama miligramu 11 kwa siku. Nyama ya ng'ombe humpita pweza kwa zinki, na chaza huwapita wote kwa mbali sana, ndiyo maana Ulaya wao walimwinua chaza kwa sifa hizohizo.

Zinki ina historia ya kweli katika jambo hili, na inafundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Ananda Prasad, akiwa Iran na kisha Misri, alikutana na vijana wa umri wa miaka kama 20 waliokuwa na miili ya watoto: wafupi, wasio na ndevu, viungo vya uzazi havijakomaa. Walikuwa wakiishi kwa mkate wa ngano isiyokobolewa, nyama wakiionja kwa nadra. Walipopewa zinki walirefuka na kubalehe. Ushahidi wenye nguvu kama huo haupingiki. Lakini angalia ulivyo: waliosaidiwa ni wale waliopungukiwa, na walisaidiwa kwa miezi. Mtu ambaye tayari ana zinki ya kutosha hapati chochote cha ziada akiongeza, na hakuna zinki inayoweza kutoka tumboni na kufika kazini kabla hujamaliza kulipa kikombe.

Mbona basi wanaume wazima, wenye akili zao, wanasema supu ile wameisikia mwilini? Nawaamini. Onja kikombe chenyewe: cha moto, chenye pilipili, pengine na tangawizi na pilipili manga. Kapsaisini ya pilipili huziamsha neva zilezile zinazohisi joto. Uso unawaka, jasho linatoka, mapigo ya moyo yanapanda kidogo. Mtu aliyekunywa kwa nia fulani huyasoma mabadiliko hayo kuwa ni nguvu inaingia. Na nia yenyewe ina uzito. Katika majaribio ya Viagra, wanaume waliomeza kidonge kisicho na dawa yoyote, bila wao kujua, nao waliulizwa hali zao, na asilimia 24 walisema wamepata nafuu. Waliomeza miligramu 50 za dawa halisi walikuwa asilimia 74. Pengo kati ya 24 na 74 ndiyo kazi ya dawa. Ile 24 ni kazi ya matumaini, na kwa mtu ambaye tatizo lake lilikuwa woga, matumaini yanaweza kumtosha. Kwa hiyo simwambii mtu aache supu ya pweza. Anywe, ashibe. Asiitumie tu kujipima.

Karanga, muhogo na nazi havilingani. Karanga zina arginini, kiungo cha protini ambacho mwili hukitumia kutengeneza oksidi ya nitriki, na kokwa zinazofanana nazo zimewahi kujaribiwa. Hispania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, vijana wenye afya walikula gramu 60 za kokwa mchanganyiko kila siku kwa wiki 14. Waliripoti hamu kuongezeka kidogo na kufika kileleni vizuri zaidi, ila katika kusimama kwa uume hapakuwa na tofauti. Na hizo zilikuwa lozi na wenzake, si karanga zetu. Kula karanga, zina faida nyingi kwa mishipa, ila zikague: iliyosinyaa, yenye ukungu au ladha chungu itupe, kwa sababu ukungu huo hubeba sumukuvu inayoharibu ini.

Muhogo mbichi hutia nguvu ya wanga, basi. Hapa nina onyo. Aina chungu za muhogo huwa na viini vinavyogeuka sumu ya sianidi, na hizo zinahitaji kulowekwa, kuanikwa na kupikwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime nchini Tanzania walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na kula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo kwa wiki kadhaa. Muhogo mtamu wa mkokoteni ni jambo jingine, lakini kipande ukikitafuna ukasikia uchungu, tema. Nazi nayo ni tamu, ina mafuta mazito, na katika habari hii sina la kuisifia.

Tikiti maji lina hoja ya kisayansi zaidi kuliko yote haya. Lina sitrulini, ambayo mwilini hugeuka arginini. Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wanaume 24 wenye tatizo dogo la kusimama walipewa gramu 1.5 za sitrulini kila siku kwa mwezi mmoja, na nusu yao walipata nafuu. Walipokuwa kwenye kidonge kisicho na dawa, walionufaika walikuwa 2. Ni utafiti mdogo, ila ni wa binadamu. Ili kuipata sitrulini kiasi hicho kutoka kwenye tunda lenyewe, ungehitaji zaidi ya kilo moja ya tikiti kila siku. Mwenye kisukari asijaribu.

Mukombero unanigusa kwa namna nyingine, kwa sababu mzizi huu unachimbwa hadi unakuwa adimu msituni, na ushahidi wake ni wa panya. Watafiti wa Kameruni walichapisha mwaka 2004 kwamba mzizi huo uliongeza testosteroni kwa panya dume. Walewale, mwaka 2001, walikuwa wamechapisha kwamba ulipunguza utengenezaji wa mbegu na uwezo wa kuzalisha hadi panya walipoachishwa. Wauzaji hutangaza habari ya kwanza. Mume anayetafuta mtoto ana haki ya kuijua na ya pili.

Na kungumanga, ambayo Visiwani wanawake hutiliwa kwenye uji, nayo imejaribiwa kwa panya. Kwa binadamu, chembe inayonukisha chakula haina neno. Vijiko viwili vitatu vya unga wake ni sumu: moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, mtu anaona mauzauza kwa saa nyingi. Asiyepaswa kabisa kukaribia kiasi hicho ni mama mjamzito.

Sasa niseme juu ya jambo linalonikosesha usingizi. Unga uitwao vumbi la Kongo na ndugu zake wa kila jina huuzwa kwa kujificha, kwenye vipakiti visivyo na orodha ya kilichomo. Wengine huramba, wengine hupaka. Kuna pia asali ya vipakiti, inayoitwa ya kifalme, inayosafiri kutoka Uarabuni na Asia hadi kwenye maduka yetu. Hizi si kama pweza anayetegemea matumaini ya mtu. Nyingine zinafanya kazi kwelikweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Julai 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza asali za namna hiyo. Maabara ilikuta ndani yake sildenafili, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Viagra, na tadalafili, dada yake anayekaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwenye pakiti hazikuandikwa.

Dawa hizi si mbaya. Daktari huziandika kila siku. Lakini huuliza kwanza kuhusu moyo, ini na dawa nyingine unazotumia, kisha huchagua kipimo. Anayechanganya unga kwa mkono hana mizani wala swali. Pakiti ya leo yaweza kuwa na robo ya kidonge na ya kesho vidonge viwili. Mwenye maumivu ya kifua anayetumia nitrati, zile dawa za kuweka chini ya ulimi, akichanganya na sildenafili presha huanguka ghafla na anaweza kufa. Ndiyo maana madaktari huacha saa 24 zipite baada ya sildenafili, na saa 48 baada ya tadalafili, kabla ya kumpa mtu nitrati. Fikiria basi mzee amepelekwa hospitali usiku akiwa ameshika kifua, mkewe hajui, daktari hajui, na yeye anaona aibu kutaja unga aliolamba saa mbili zilizopita. Ikiwa kuna jambo moja utakalolichukua kwenye makala haya, naomba liwe hilo: taja. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo. Ukingoja kuche, tishu zake zinaweza kufa kwa kukosa damu safi.

Vijana wa miaka 20 na kitu nawasemesha peke yao. Wengi mnaonunua unga huu hamna ugonjwa. Mlishindwa mara moja kwa uchovu, pombe au woga, mkaingiwa na hofu ya mara ya pili, na hofu hiyo ndiyo inayowafunga. Kipimo cha nyumbani kipo: ukiamka alfajiri na kumkuta jogoo amesimama mwenyewe, damu na neva zako zinafanya kazi. Unachohitaji ni kupumzika, kupunguza pombe, ambayo huchochea hamu na kuiua kazi, na kuzungumza na mwenzako. Lala pia. Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti waliwalaza vijana 10 wenye afya saa 5 tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Anayekesha kwenye bodaboda au lindoni, kisha anatafuta mizizi, aanze kulipa deni la usingizi.

Kwa aliyevuka miaka 40 habari ni nzito zaidi. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta, sukari na moshi wa sigara vinapoanza kuharibu kuta za mishipa, ile myembamba hudhihirisha kwanza. Tatizo la kusimama limeonekana mara nyingi kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka 2 hadi 5. Miaka hiyo ni zawadi. Mtu akiitumia kupima presha, sukari na lehemu, anaweza kuokoa moyo wake. Akiitumia kuzunguka kutoka meza ya pweza kwenda kwa mwenye mizizi, kutoka mizizi kwenda kwenye unga, anafika hospitali siku ambayo daktari hana tena la kuzuia. Hasara kubwa ya biashara hii kwangu ndiyo hiyo ya muda. Ile ya fedha naisamehe.

Na hapa ndipo chakula kinapopata heshima yake. Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanaume 110 wanene wenye tatizo la kusimama, ambao hawakuwa na kisukari wala presha, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kwa karibu kupunguza chakula na kufanya mazoezi; jingine lilipewa maelezo ya jumla tu. Baada ya miaka 2, katika kundi la kwanza la watu 55, watu 17 walikuwa wamerudia hali ya kawaida. Kundi la pili lenye idadi ileile walikuwa 3. Hakuna pweza anayeweza kuonyesha hesabu kama hiyo.

Kwa jiko letu maana yake ni hii: samaki na dagaa mara nyingi kuliko nyama ya mafuta, maharage, choroko na mbaazi, mchicha, matembele na kisamvu kila siku, wala si kijiko kimoja cha kupamba sahani, dona badala ya sembe, karanga kiganja kimoja, matunda mazima badala ya juisi. Majani kama mchicha yana viini ambavyo mwili, ukianzia na bakteria wa kwenye ulimi, huvigeuza kuwa oksidi ya nitriki, na hilo limeonekana kushusha presha. Chumvi ipungue. Soda iondoke mezani kabla ya kitu kingine chochote, na chipsi mayai ya kila usiku iwe ya siku moja moja. Tembea nusu saa kwa mwendo wa kukutoa pumzi. Anayevuta sigara aache; hapo ndipo penye faida yake kubwa kuliko vyote nilivyotaja.

Wanawake huambiwa kidogo katika mada hii, kana kwamba kazi yao ni kupika hiyo supu. Hamu ya mwanamke ina sababu zake, na nyingine ziko kwenye damu. Tanzania, zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mwanamke anayepanda ngazi akihema, aliyeamka saa 10 alfajiri na kulala wa mwisho, hahitaji kungumanga. Anahitaji kupimwa damu, maini na dagaa na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu, chai isogezwe mbali na mlo kwa sababu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na mtu wa kumpokea ndoo. Anayenyonyesha au aliyekoma hedhi huweza kupata ukavu na maumivu. Hilo lina tiba, na vilainishi vya maji huuzwa maduka ya dawa. Mafuta ya nazi yasitumike pamoja na kondomu, huipasua. Na dada zangu, shabu, ugoro na mitishamba ya kuingiza ukeni huchubua ngozi ya ndani na kufungua mlango wa maambukizi, pamoja na VVU. Yeyote anayewauzia, hata awe somo mnayemheshimu, mkatalieni.

Ukiamua kwenda hospitali, nenda na mwenzako ikiwa mnaelewana. Daktari akisikia pande mbili hupata picha haraka. Mweleze tatizo lilianza lini, lilianza ghafla au taratibu, na kama asubuhi bado unasimama. Omba presha, sukari na lehemu vipimwe, na kipimo cha testosteroni ikiwa hamu yenyewe imepotea. Beba dawa zako zote. Baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza nguvu, na mara nyingi zipo nyingine za kubadilishia, ila usiziache mwenyewe, maana presha iliyoachwa huua. Beba pia pakiti ya unga au ya asali uliyotumia, hata kama imebaki tupu, na umwambie daktari ni lini ulitumia mara ya mwisho, ili ajue ni dawa gani anaweza kukupa siku hiyo na ipi lazima isubiri.